Nijiunge na chama cha wahandisi wenzangu, au nitunze siri za kiwanda?

Mpendwa Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mhandisi wa michakato ya kemikali, mwanamke wa miaka 31, na huu ni mwaka wangu wa saba katika kiwanda cha kati kinachotengeneza resini za gundi na rangi. Kiwandani tuko wengi: waendesha mitambo, mafundi wa umeme, mafundi wa mitambo na watu wa maabara. Mwenye taaluma yangu, hata hivyo, ni mimi peke yangu. Mhandisi aliyenitangulia alistaafu miezi minne baada ya mimi kuajiriwa, akaniachia kabati la michoro ambayo nusu yake haifanani tena na mabomba yaliyopo.

Mwaka juzi mnara wetu wa kukeneka, ule unaotumika kurejesha kiyeyushi, ulianza kufurika. Tofauti ya shinikizo kati ya chini na juu ya mnara ilikuwa ikipanda bila sababu niliyoiona, na bidhaa ya juu ikatoka chafu. Nilihangaika kwa wiki kumi na moja. Tulibadilisha pampu, tukafungua mnara na kusafisha sahani zake zote, tukarekebisha vifaa vya kupimia, na hali ikabaki vilevile, mpaka nilipogundua kwamba ndani ya mnara kulikuwa na povu, na kwamba povu lilianza siku tulipobadilisha mtu wa kutuuzia malighafi moja.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na mzee mmoja wa kiwanda kingine kwenye mafunzo ya siku mbili. Nikamsimulia kisa hicho bila kutaja bidhaa. Kabla sijafika katikati akaniuliza, “Mlikuwa mmebadilisha malighafi?” Kumbe wao waliteswa na tatizo lilelile miaka tisa kabla yetu. Nilifurahi na nikaumia kwa wakati mmoja. Mzee huyo ni mwanachama wa chama cha wahandisi wa kemikali, hukutana na wenzake kila mwezi, na alinikaribisha. Nilichukua fomu, nikaijaza, na sasa ina miezi mitano ndani ya droo.

Kinachonizuia ni hiki. Bosi wangu, nilipomgusia, alisema mambo ya ndani hayatolewi nje, na kwamba watu wanaojiunga na vyama hivyo wengi wao wanatafuta kazi kwingine. Akaongeza kwamba kampuni haitalipa hata senti. Mkataba wangu una kifungu cha kutunza siri. Nyumbani, mume wangu hakunikataza, lakini aliniuliza, “Utapata nini huko ambacho huna?” nikakosa jibu, na tuna watoto wawili wa kuwalipia shule. Isitoshe, nilipokuwa chuoni nilikuwa mwanachama wa tawi la wanafunzi kwa miaka miwili, na ninachokikumbuka ni picha za pamoja na ugomvi wa uchaguzi wa viongozi. Na jambo ambalo sijamwambia mtu: naona aibu kusimama mbele ya wahandisi wenzangu na kuuliza maswali ambayo mtu wa miaka saba kazini alipaswa kuwa na majibu yake.

Sasa limezuka jambo jingine. Uongozi unataka kununua riakta, yaani chombo ambamo mmenyuko wa kemikali hufanyika, ya meta za ujazo 8 badala ya ile ya 2 tunayotumia kwa resini yetu kuu, na nimeambiwa niweke saini kuthibitisha kwamba koti la kupozea, lile ganda la nje linalopitisha maji ya kuondoa joto, la riakta mpya litatosha. Nina daftari lenye maswali 43 na sina wa kumuuliza. Sikufichi, hamu yangu ya kujiunga imepanda kwa sababu hiyo. Je, huko ni kumsaliti mwajiri? Nimefikiria hata kujiunga kimyakimya bila kumwambia mtu.

Mhandisi Pekee

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu nilihisi umefunga mizigo miwili kwa kamba moja. Mzigo wa kwanza ni upweke wa kitaaluma ulioubeba kwa miaka saba: hakuna aliye karibu anayeweza kukuambia kwamba umekosea, wala anayeweza kukuambia kwamba umepatia. Mzigo wa pili ni saini unayodaiwa. Fomu iliyo kwenye droo inahusu mzigo wa kwanza. Huo wa pili una tarehe yake, na tarehe hiyo haitasubiri kamati ya chama ikae, ipitie fomu yako na kukujibu. Naomba uitenganishe mizigo hiyo, hata kama baadaye utagundua inagusana.

Nianze na bosi wako, kwa kuwa ningependa tumtendee haki. Hofu yake si ya kipuuzi. Mchanganyo wa resini, jina la anayewauzia malighafi, bei, wateja na kiasi mnachozalisha ni mali ya kampuni, na mhandisi mwenye ulimi mwepesi anaweza kuivujisha kwa kikombe kimoja cha chai. Vyama vyenyewe vinalijua hilo. Vile vilivyo makini huwakataza wanachama kuzungumzia bei na masoko katika mikutano yao, kwa sababu washindani wakikaa meza moja wakayajadili hayo, wanaweza kuvunja sheria za ushindani wa biashara. Lakini povu ndani ya mnara si siri ya mtu. Ni fizikia, na imo katika vitabu vya chuo. Ulipomsimulia yule mzee bila kutaja bidhaa, ulikuwa tayari umechora mstari huo kwa silika yako mwenyewe. Najiuliza kama bosi wako amewahi kuonyeshwa mahali mstari huo unapopita, au amesikia tu neno “chama” akaona mlango ulioachwa wazi.

Historia ya taaluma yetu ina mfano ambao huenda ukamgusa. Mwaka 1976 chama cha wahandisi wa kemikali cha Marekani, AIChE, ambacho chenyewe kilianzishwa mwaka 1908, kilikusanya kampuni nyingi, zikiwemo zilizokuwa zikigombania wateja walewale, zikachangia fedha za kutafiti jambo moja: namna ya kukokotoa ukubwa wa vali na bomba la kupunguzia shinikizo pale mmenyuko unapopanda joto hadi kushindikana kudhibitiwa. Mradi huo uliitwa DIERS, na matokeo yake yanatumika hadi leo. Kampuni hizo hazikugeuka kuwa marafiki. Zilitambua kwamba kuna maarifa ambayo ukiyaficha hupati faida yoyote sokoni, ila unabaki na hatari ambayo mwenzako angekuonya. Hali kadhalika, ule utaratibu wa HAZOP, wa kuupitia mchoro wa kiwanda hatua kwa hatua kutafuta hatari, ambao bila shaka uliufundishwa chuoni, ulikuzwa ndani ya kampuni moja ya Uingereza, ICI, katika miaka ya 1960, kisha ukatoka nje ya kuta zake na kuenea viwanda vya dunia nzima. Simulizi kama hizi hazimlazimishi bosi wako kukubali, na kuna mabosi ambao historia haiwagusi kamwe. Ninachosema ni kwamba mazungumzo mliyofanya yalikuwa mafupi mno kuhesabiwa kuwa jibu la mwisho.

Kuhusu kujiunga kimyakimya, naelewa kishawishi chake, ila nakuomba uyatazame matokeo yake kwa macho makavu. Tasnia hii ni ndogo kuliko inavyoonekana, na majina ya wanaohudhuria mikutano huonekana na watu. Jambo ambalo ungelitangaza likawa halina hatia, likigunduliwa baada ya kufichwa huanza kunuka. Tena, mwanachama aliyejificha hukaa kiti cha nyuma na kunyamaza, na chama hakimfai anayenyamaza. Kwa upande mwingine, ukiomba ruhusa kwa maandishi unaweza kukataliwa kwa maandishi, na hapo utakuwa umejifungia mlango ambao pengine haukuwa na kufuli. Kwa hiyo soma kwanza kifungu chenyewe cha mkataba, neno kwa neno. Vifungu vingi vya aina hiyo huzungumzia taarifa za kampuni na kuacha uanachama wa mtu kando, lakini unaokubana ni wako, si wa wengi. Kati ya kuomba ruhusa na kutoa taarifa kwamba umejiunga kuna tofauti kubwa, na wewe ndiye unayemjua mtu utakayezungumza naye.

Sasa mumeo. Nimelipenda swali lake kuliko alivyolipenda yeye mwenyewe, nadhani. “Utapata nini huko ambacho huna?” Hesabu rahisi ingekuwa wiki zako kumi na moja, kiyeyushi mlichonunua badala ya kukirejesha, na kazi ya kufungua mnara bure. Lakini tuseme kweli: hasara ile ilikuwa ya kiwanda, na faida ya kuiepuka ingekuwa ya kiwanda pia, ilhali ada inatoka mfukoni mwenu. Mume ana haki ya kuona kwamba hesabu hiyo haijakaa sawa. Faida inayobaki kwako binafsi huja polepole. Katika vyama vingi unaweza kupanda daraja hadi kutambuliwa kama mhandisi aliyethibitishwa, kwa kuandika ripoti ya uzoefu wako na kuhojiwa na wahandisi waliokutangulia. Utambulisho huo unakufuata popote uendako, hata kiwanda kikifungwa kesho. Vyama vingi pia hushusha ada kwa wahitimu wapya na kwa wasio na kazi, na wakati mwingine kwa wenye kipato kidogo, hivyo uliza kabla ya kukata tamaa. Hata hivyo, katika uzoefu wangu ada ndiyo gharama ndogo. Gharama kubwa ni jioni utakazokosa nyumbani, na hizo hujazitaja hata mara moja katika barua yako. Mumeo huenda ndizo anazozihesabu.

Kuhusu tawi la wanafunzi, sina la kukubishia. Ziko picha za pamoja hata katika vyama vya watu wazima wenye mvi. Mimi mwenyewe nilikaa miaka mitatu katika chama kimoja nikiwa mwanachama wa bahasha tu: nililipa, nikapokea jarida, sikulifungua. Kilichonibadilisha ni jioni moja ambapo mhandisi mmoja alisimama akaeleza, hatua kwa hatua, jinsi alivyoharibu kichocheo cha mwaka mzima kwa kufungua vali moja mapema. Tangu hapo kipimo changu kimekuwa hicho. Ukialikwa kama mgeni kabla ya kulipa, jambo ambalo matawi mengi huruhusu, sikiliza kama kuna mtu anayesimulia kilichomshinda. Ukisikia mafanikio matupu, rudi nyumbani ukalale mapema.

Hapo ndipo linapoingia suala la aibu, na nitalikalia kidogo kwa sababu nadhani ndilo lililoifungia fomu kwenye droo kuliko bosi na mume wakijumlishwa. Unadhani mtu wa miaka saba alipaswa kuwa na majibu. Angeyapata wapi? Majibu ya aina hiyo hukaa ndani ya watu, na watu hao wako katika viwanda vingine. Miaka saba ya kuwa peke yako si sawa na miaka saba ya kukaa meza moja na mkubwa anayekukosoa. Na kusema hivyo si kukudharau, kwani uliligundua lile povu bila msaada wa mtu. Kumbuka pia jinsi HAZOP inavyofanyika. Watu wazima wenye shahada wanakaa mbele ya mchoro na kuuliza, bomba baada ya bomba: Je, mtiririko usipokuwepo? Je, ukizidi? Je, ukipungua? Je, ukirudi nyuma? Ni maswali ya mtoto, na yamewekwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu swali ambalo kila mtu anaona haya kuliuliza mara nyingi ndilo ambalo hakuna aliyelipatia jibu. Yule mzee, uliposimulia, alicheka?

Sasa tuje kwenye riakta, na hapa ruhusu sauti yangu ibadilike. Wewe unajua ninachotaka kusema, lakini niseme kwa ajili ya wasomaji wengine. Ukikuza chombo kutoka meta za ujazo 2 hadi 8 bila kubadilisha umbo lake, joto linalozalishwa na mmenyuko linaongezeka mara nne, ilhali eneo la koti la kupozea linaongezeka takribani mara mbili na nusu tu. Kwa kila lita ya resini unabaki na chini ya thuluthi mbili ya eneo la kupozea ulilokuwa nalo. Hesabu hiyo haisemi kwamba riakta mpya ni hatari. Inasema kwamba uzoefu wenu na ile ndogo hauwezi kuwa shahidi wa ile kubwa.

Tarehe 19 Desemba 2007, katika kiwanda kidogo cha T2 Laboratories mjini Jacksonville, Marekani, riakta ililipuka ikaua watu 4 na kujeruhi 32. Mkupuo wa siku hiyo, yaani uzalishaji wa mara moja ndani ya riakta, ulikuwa wa 175, kwa hiyo walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba wanaujua mchakato wao, na hapo katikati walikuwa wamekwisha kuongeza kiasi cha kila mkupuo. Mfumo wa kupozea haukuwa na wa akiba, na njia ya kupunguzia shinikizo haikuuweza mmenyuko uliopanda joto hadi kushindikana kudhibitiwa. Miongoni mwa wamiliki alikuwemo mhandisi wa kemikali, na alikufa palepale. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali iliona kwamba hatari ya mmenyuko ule haikutambuliwa, na miongoni mwa mapendekezo yake ikaitaka AIChE isaidie kuingiza elimu ya hatari za mimenyuko katika masomo ya wahandisi. Maarifa ya kukokotoa njia salama ya kupunguzia shinikizo yalikuwepo kwa miaka mingi, kutokana na kazi ileile ya DIERS niliyoitaja. Hayakufika pale yalipohitajika.

Hata hivyo, usikitwishe chama mzigo usio wake. Wenzako mkutanini hawataliona koti lako, hawatapima mnato wa resini yako, na hakuna atakayesimama nawe saini hiyo ikija kuulizwa. Wanachoweza kukupa ni jina la kipimo unachokihitaji, mahali penye kalorimita ya kupimia joto la mmenyuko, na orodha ya mambo ambayo wao waliyasahau. Kazi yenyewe ya kuhakiki ni ya kulipwa, inafanywa na mtaalamu aliyeingia mkataba wa kutunza siri na kampuni, na ombi lake linaweza kwenda kwa bosi wako wiki hii, iwe umejiunga au hujajiunga. Unaweza kumwandikia kile unachokijua kuhusu riakta mpya, kile usichokijua, na kipimo gani kingekijibu. Barua ya namna hiyo ina hatari zake, kwani kuna viongozi wanaosoma neno “sijui” kama udhaifu. Kuweka saini bila kulisema kuna hatari nyingine, na zote mbili wewe unaziona kwa ukaribu kuliko mimi.

Kanuni za maadili za vyama kama AIChE zinamtaka mwanachama atangulize usalama wa watu na afanye kazi zilizo ndani ya uwezo wake wa kitaaluma tu. Baadhi ya wahandisi wamenieleza kwamba kanuni hiyo iliwapa uti wa mgongo: wakakataa jambo bila kuonekana wakaidi, kwa kuwa walikuwa na maandishi ya kuegemea. Wengine walikataa kwa kanuni hiyohiyo na wakapoteza kazi, wakagundua kwamba chama cha wanataaluma si chama cha wafanyakazi na hakina wakili wa kuwatuma. Nimeona niyataje yote mawili.

Swali lako la usaliti nimeliacha mwisho kwa sababu sidhani linajibiwa kwa ndiyo au hapana. Mwajiri wako ana siri zake, na ana pia riakta ambayo watu watasimama kando yake kila zamu. Ungemsaliti kwa kutoa mchanganyo wa resini. Je, ungemsaliti kwa kuuliza watu wengine huhakiki vipi koti la kupozea kabla ya kukuza chombo mara nne? Jaribu kuliandika swali hilo namna ambayo ungeweza kulisoma mbele ya bosi wako bila kubadilisha neno, kisha uone kama moyo unatulia.

Kabla ya kuitoa fomu kwenye droo au kuichana, lichukue lile daftari la maswali 43 na uligawe. Upande mmoja weka yale yanayojibiwa na kipimo cha maabara au na hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe. Hayo hayamhitaji mtu wa nje. Upande mwingine weka yale ambayo hayawezi kuulizwa bila kutoa siri. Hayo ni ya mtaalamu wa mkataba. Katika ukurasa wa tatu weka yanayobaki, yale ambayo ungeweza kumuuliza yule mzee mkiwa mmekaa kwenye benchi. Ukishamaliza, niandikie tena, uniambie ukurasa wa tatu una maswali mangapi.